Ala Thelathini na Mbili

Kisanduku cha "Aina ya Kifaa" kwenye fomu ya Ofisi ya Elimu kilikuwa na upana wa herufi tatu. Zamani kilikuwa kipana, ila fomu ile ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na kila ilipopita mashineni ilipoteza kidogo upande wa kulia. Walimu walishazoea. Waliomba saa na taa, wakapata saa na taa. Kila darasa la shule ile lilikuwa na saa mbili ukutani, na wanafunzi watatu katika kila dawati.

Jumatatu, baada ya mapumziko ya chai, mwalimu wa muziki aliketi kwenye meza yake mbele ya Darasa la Saba akaanza kuijaza fomu hiyo. Watoto walimwita Mama Solfa, kwa ajili ya do-re-mi. Wazazi ambao hawakuwahi kuimba kwaya walisikia Mama Sofa, na wapo waliomsimamisha njiani kumuuliza mumewe anauzaje makochi. Yeye aliwajibu kwamba mume hana na makochi hana, akaendelea na safari yake.

Vifaa vyake vya kufundishia alivijua kwa kichwa. Alikuwa na kitabu kimoja kilichoanzia ukurasa wa tisa. Alikuwa na chupa nane zenye maji, kila moja na kimo chake, isipokuwa siku za joto, ambapo daima kulikuwa na mtu aliyekunywa fa. Alikuwa na kinanda alichokichora kwa chaki juu ya meza yake, vibonye vyeupe na vyeusi, na mfagizi alikuwa ameombwa asikifute. Tena alikuwa na lango la shule. Bawaba ya lango, likifunguliwa polepole, ilitoa la safi kabisa, noti ya sita, na mlinzi alikuwa ameapishwa asiitie mafuta.

Basi, ndivyo hivyo tu. Katika wanafunzi thelathini hakuna aliyewahi kushika ala ya muziki mkononi mwake.

Ukutani, katikati ya zile saa mbili, ilikuwa imebandikwa ilani. Ilisema kwamba somo lolote litakalokuwa halina vifaa mwisho wa muhula litaondolewa kwenye ratiba, na mwalimu wake atapangiwa kazi nyingine. Hesabu ilikuwa na rula. Jiografia ilikuwa na ramani. Muziki ulikuwa na lango.

Mama Solfa aliandika kwenye kisanduku: Ala. Maneno "za muziki" hayakuingia. Kwenye "Idadi" aliandika 30. Kwenye "Matumizi" aliandika Kutoa, na neno "sauti" likabaki nje ya karatasi. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili zake ataelewa.

Mzigo ulifika baada ya wiki tatu, ndani ya gunia. Zilikuwa ala thelathini za visu, zile za kuchomekea kisu kiunoni, za ngozi ya kahawia, kila moja na kifuniko na kifungo chake. Visu havikuwemo.

Mkuu wa shule alitoa moja akaigeuzageuza.

"Zimeshonwa vizuri," alisema.

"Mkuu, hizi ni za visu."

"Naona. Lakini visu vyenyewe hakuna, kwa hiyo ni salama kwa watoto."

Kesho yake Mama Solfa alilibeba gunia mpaka bohari ya Ofisi ya Elimu. Karani wa bohari alikaa nyuma ya dirisha la wavu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Aliwahi kulaumiwa kwa kusahau jambo, na tangu siku hiyo aliandika kila kilichosemwa dirishani pake.

"Kwenye fomu umeandika nini, mama?"

"Ala."

"Umeletewa nini?"

"Ala."

"Sasa ugomvi uko wapi?"

Mama Solfa alikuwa anatazama nyuma ya bega la karani. Kwenye rafu ya chini yalipangwa masanduku kumi na mawili ya mbao. Yaliandikwa kwa rangi nyeusi: ALA ZA MUZIKI, MADARASA YA KATI. Lakiri zake hazikuwa zimevunjwa. Vumbi lilikuwa limelala juu yake nene kama blanketi.

"Na yale?"

"Yale ni ya shule itakayoomba ala za muziki."

"Si ndiyo mimi."

"Wewe umeomba ala."

"Kisanduku hakitoshi, baba! Kina herufi tatu!"

"Hilo ni la watu wa fomu. Mimi ni wa bohari."

"Watu wa fomu wako wapi?"

"Walikuwa mlango wa tatu pale. Wameshastaafu."

"Na hayo masanduku yamekaa hapo tangu lini?"

"Mimi niliyakuta."

Alieleza pia, bila ubaya wowote, kwamba shule ikishapewa kifaa cha aina fulani haiombi tena aina hiyo mpaka ipite miaka saba.

"Ala!" alisema Mama Solfa.

Karani aliandika: Ala, moja.

"Ala, wewe baba, unaandika nini hapo?"

Karani aliandika: Ala, moja. Kisha akainuka, akaenda nyuma, akarudi na ala mbili za ngozi na kuzipitisha chini ya wavu. Mama Solfa akaufunga mdomo wake. Aliona kwamba akizidi kushangaa atarudi nyumbani na gunia la pili.

"Tia sahihi hapa."

"Sitii."

"Kama hutaki leo, mkaguzi atakuletea. Alhamisi ya mwisho wa muhula. Usipotia sahihi, vifaa huna, na somo huna."

"Nikitia?"

"Basi unazo. Nalikata jina la shule yako kwenye orodha ya wanaosubiri ala."

"Tuko shule ngapi kwenye hiyo orodha?"

"Ni yenu tu," alisema karani. "Wengine wameomba saa."

Alhamisi, kipindi cha nne, Mama Solfa aligawa ala darasani. Watoto walizipokea kwa mikono miwili kama walivyofundishwa. Msichana mmoja aliyekaa mbele, ambaye wenzake walimwita Kipaza kwa sababu akisema hapa husikika jikoni kwa walimu, aliichungulia ya kwake ndani, akainusa.

"Mwalimu, hii tunaipiga au tunaipuliza?"

"Tunatunzia noti."

Aliashiria dirishani. Mlinzi akalifungua lango polepole, na la ikavuka uwanja mpaka darasani. Mama Solfa alisema kila mtu aimbe la yake ndani ya ala, afunge kifungo upesi, na asifungue mpaka Alhamisi ijayo. Nia yake ilikuwa waikumbuke noti tu. Hakuwa na kifaa kingine cha kuwakumbusha.

Watoto walifanya kama walivyoambiwa.

Zilibaki ala mbili. Moja aliichukua mwenyewe. Ya pili alimpa mfagizi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio akisubiri kipindi kiishe. Watoto walimwita Dada. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliyeishia darasa la saba katika shule hiyo hiyo. Mwaka wake muziki ulikuwemo kwenye ratiba, na kipindi chake kilitumika kupalilia maua ya Mkuu.

"Mimi, mwalimu? Mimi si mwanafunzi."

"Karani hakusema ni ya mwanafunzi. Imba."

Dada aliinamisha uso ndani ya ala akaimba. Hakuna aliyemsikia. Alifunga kifungo, akaichomeka kiunoni chini ya kanga, akaanza kufagia.

Wiki hiyo ala ziliongezeka uzito. Mikanda ya wavulana iliteremka. Mama mmoja alimwambia mwanawe aondoe kitu chake mezani, kinakwaruza sahani kwa kelele. Hapakuwa na malalamiko mengine.

Alhamisi iliyofuata Kipaza ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua. La ilitoka yenyewe, akaishika. Ilikuwa na urefu wa kiganja, nyembamba, na haikuonekana kwa macho, ila ulijua ilipo kwa jinsi vumbi la chaki lilivyogawanyika mbele yake. Ilikuwa imekaa siku saba kwenye ngozi na ngozi ilikuwa imeinoa. Ilipogusa daftari, pembe ya daftari ilidondoka chini.

"Mwalimu, inakata."

"Basi ishike upande wa mpini," alisema Mama Solfa. "Na usimwelekezee mwenzako."

Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake ilikuwa inavunjika muhula ule, alichomoa la mbili kwenye ala moja, nene na nyembamba. Aliuliza kama inaruhusiwa.

"Zote zako," alisema Mama Solfa. "Moja utaiacha mwenyewe ukikua."

Wakaendelea. Kila wiki walifundishwa namna ya kutoa noti bila kuikwaruza na kuirudisha bila kuipinda. Kufikia wiki ya sita walikuwa na do na mi na so pia, na waliweza kuzichomoa kwa pamoja zikasimama hewani kama uzio. Nzi hawakuingia tena darasani. Kitabu kinachoanzia ukurasa wa tisa kilirudishwa kabatini.

Wiki ya saba ilikuja barua ya karani wa bohari. Iliarifu kwamba kila Alhamisi, kipindi cha nne, masanduku kumi na mawili ya rafu ya chini yanaitika. Yanaanza kwa kunguruma, kisha nyuzi zilizomo ndani zinafuata, kisha vitu vya kupuliza. Vumbi linamwagikia majalada. Shule iliombwa kupunguza.

Mama Solfa aliisoma barua mara mbili. Alifurahi kujua kwamba mna nyuzi. Aliibandika ukutani kando ya ilani, na Alhamisi iliyofuata akafundisha madirisha yote yakiwa wazi.

Mkuu wa shule alimwita ofisini.

"Mwalimu, mkaguzi anakuja. Mimi ombi langu ni dogo. Akileta ile karatasi, itie sahihi, somo libaki, wewe ubaki, sote tubaki."

"Nikitia sahihi wale watoto hawatayaona yale masanduku."

"Kwani sasa wanayaona?"

"Sasa wanayadai, Mkuu."

"Usipotia sahihi watayadai wakiwa kwenye kipindi cha kupalilia." Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na saa tatu ofisini kwake, na zote zilikuwa mbele ya wakati.

Mkaguzi alifika Alhamisi ya mwisho wa muhula, amevaa koti lenye vifungo vinne, na majalada yake yamefungwa kwa kamba. Aliketi kwenye meza ya mwalimu, akaegemeza viwiko vyake juu ya kinanda cha chaki. Mama Solfa alisimama pembeni. Mkuu alisimama nyuma. Dada alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Hizo ndizo ala?"

"Ndizo mlizotuletea."

Mkaguzi alitia alama ya vema mahali fulani. Kisha aliwageukia watoto kwa sauti ya upole, kwa kuwa swali la mwisho kwenye karatasi yake lilitakiwa kuulizwa kwa upole.

"Haya watoto. Ofisi imewatafutia vifaa, imewaletea. Je, mmeridhika?"

Mama Solfa alizitazama saa mbili za ukutani. Hakunyanyua mkono.

Kipaza alisimama, akafungua kifungo. Wengine wakasimama. Thelathini wote walichomoa noti ya sita kwa pamoja, na yule mvulana wa nyuma alichomoa zake mbili.

"La," darasa lilisema.

Kamba ya majalada ilikatika. Kifungo cha juu cha koti la mkaguzi kilidondoka, kikaviringika mpaka miguuni pa Mkuu. Saa moja ya ukutani ilikatika uzi wake ikaanguka. Lango la shule, ambalo halikuguswa na mtu, liliitika kutoka uwanjani, na mbali zaidi, upande wa Ofisi ya Elimu, kilisikika kishindo kinene cha mbao.

Mkaguzi alingoja mpaka iishe. Akapokea kifungo chake kwa Mkuu, akakitia mfukoni. Aliandika: Wanafunzi wanaimba noti ya sita kwa ufasaha.

"Hawakuimba," alisema Mama Solfa. "Wamekujibu."

"Nimesikia la."

"Ndiyo. Umesikia la."

"Basi tunaelewana," alisema mkaguzi, akasogeza fomu mbele yake. "Hapa. Nimepokea, halafu kifaa, halafu sahihi."

Mama Solfa aliichukua kalamu. Kwa majuma tisa alikuwa amelipima jambo hili mbele na nyuma, na kila upande aliona watoto wakipoteza kitu. Aliinama. Sahihi aliitia kwanza, upande wa kushoto. Kisha akaandika, kwa herufi za ubaoni, kubwa na zilizonyooka: Nimepokea ala.

Hapo karatasi ikaisha. Mkono wake haukuisha. Uliteremka kutoka kwenye fomu ukaendelea juu ya mbao za meza, ukakatiza kinanda cha chaki, ukaandika: za visu, si za muziki. Za muziki zimo bohari, masanduku kumi na mawili, lakiri hazijavunjwa, nimeyaona kwa macho yangu. Tunayadai.

"Mwalimu," alisema mkaguzi, "umetoka nje ya karatasi."

"Karatasi ndiyo iliyoniishia."

"Hayo ya mezani mimi siwezi kuyafaili."

"Basi siku nyingine njoo na faili linaloenea meza."

Kipaza alicheka, na watu wa jikoni kwa walimu walimsikia. Mkaguzi aliikunja fomu iliyosema Nimepokea ala, akakusanya majalada yake kwapani kwa kuwa kamba haikufaa tena, akaondoka akilishikilia koti lake kwa mkono mmoja.

"Tumepona," alisema Mkuu. "Somo limebaki." Kisha aliisoma meza, akaisoma tena, na shingo yake ikajaa jasho. "Hii ifutwe. Ifutwe leo hii. Dada, kamata kitambaa."

Saa tisa watoto walipokuwa wameondoka, Dada aliingia na ndoo na kitambaa. Alisimama mbele ya meza akayasoma maandishi yale taratibu, midomo ikitembea, kidole kikifuata. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha aliweka kitambaa pembeni, akaingiza mkono chini ya kanga, akafungua kifungo cha ala yake kwa mara ya kwanza.

La yake ilikuwa ya chini, fupi, na pana kidogo kwenye ncha. Ilikuwa imenolewa kwa majuma tisa pasipo mtu kuisikia. Aliishika upande wa mpini kama alivyosikia wengine wakiambiwa, akaanza na herufi ya z. Mbao zilikatika kama sabuni. Alizifuata herufi za mwalimu moja moja, bila kuruka hata nukta, na kila herufi ilipokatwa ililia kidogo kisha ikatulia. Alipomaliza Tunayadai aliona pamebaki nafasi ya maneno mawili kabla ya ukingo wa meza. Akachonga: na mimi.

Baada ya hapo alipitisha kitambaa cha maji juu ya meza yote, kama alivyoagizwa. Wino ulitoka. Chaki ilitoka pia, na kwa mkono wake mwenyewe alikichora upya kinanda, vibonye vyeupe na vyeusi, kwa kuwa alikuwa amekitazama kila siku kwa miaka minne.

"Umefuta?" Mkuu aliuliza kutoka ukumbini.

"Wino wote nimefuta, Mkuu."

Kwenye Ofisi ya Elimu jina la shule lilikatwa kwenye orodha ya wanaosubiri ala. Orodha ikabaki tupu, na taarifa ya mwaka ilieleza kwamba mahitaji yote ya ala katika madarasa ya kati yametimizwa. Masanduku kumi na mawili yalirudishwa mahali pake kwenye rafu ya chini, yakafungwa kwa mnyororo ili yasisogee. Karani alijaza fomu yake mwenyewe kuomba kitu cha kuzibia masikio. Pamba haikuingia kwenye kisanduku. Aliandika Nta, na nta akaletewa.

Muhula mpya ulianza Jumatatu. Mama Solfa alichukua fomu, akaiweka juu ya meza, akaandika Ala. Jibu lilirudi siku ya tatu: shule imeshapewa, iombe tena baada ya miaka saba. Alilibandika ukutani, mahali palipokuwa na ile saa iliyoanguka, akachukua fomu nyingine akaandika Ala.

Alhamisi, kipindi cha nne, mlinzi alilifungua lango polepole. Kule bohari karani aliusikia mnyororo ukianza kutikisika, akavua miwani, akafinyanga nta kwa vidole. Watoto walisimama. Mama Solfa akashika ala yake, na mlangoni Dada akaegemeza ufagio ukutani, akafungua kifungo.